Jogoo Aliyekatwa Pichani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kilindoni, Mafia. Tarehe 20/06/2025, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Mwanahalima Sudi. Umri: miaka 47. Dini: Muislamu. Kazi: fundi fremu na vioo. Makazi: Kilindoni, jirani na soko.

Duka la fremu ni langu, nimeachiwa na marehemu mume wangu. Nafanya kazi na mdogo wake, shemeji yangu Taufiki, ambaye mmemweka mahabusu hapa tangu jana.

Mnamo tarehe 17/06/2025, saa 4 asubuhi, Mwalimu Faraja, muumini wa kanisa, alileta picha ya wino mweusi mtupu: mzee analia, kando yake jogoo juu ya ukuta. Alisema ina zaidi ya miaka mia tatu, ameachiwa na padri aliyemlea. Mchoraji alichonga mistari kwenye bati la shaba, akapaka wino, akagandamiza karatasi, ili atakayeitazama alie na kutubu. Nikauliza, "Huyu babu kafiwa?" Akasema, "Ni Petro. Alimkana Yesu mara tatu mbele za watu, jogoo akawika. Yesu akageuka, akamtazama tu. Lakini alisamehewa." Wallahi yale macho yalikuwa na maji, na karatasi kavu.

Kesho yake, saa 8 mchana, Taufiki alikwenda bandarini kuulizia vioo. Dukani kilibaki kimoja, na picha ilikizidi vidole vitatu. Kwetu kisiwani vioo vinavuka maji, nusu vinafika vimevunjika vigae, kwa hiyo karatasi ndiyo hukatwa ifuate kioo. Ndivyo nilivyofundishwa. Nikaweka rula, nikapitisha kisu. Jogoo akaenda na ukingo, na jina la mchoraji pia. Sikuona kosa, niliona fremu imekaa vizuri.

Tarehe 19, saa 4 asubuhi, Taufiki alimkabidhi Mwalimu picha yake. Mwalimu akapiga ukelele, akakaa chini pale mlangoni. "Jogoo yuko wapi?" Watu wakajaa. Mmoja akasema Taufiki kakusudia, chuki ya dini. Subhanallah! Taufiki huyu, ambaye hata kuku hawezi kumchinja!

Mwalimu akaniuliza nani kakata, nikasema sijui. Askari akaja kumkamata Taufiki, akaniuliza, nikasema nilikuwa sokoni. Alasiri mama mkwe, Bimkubwa, akanishika mkono: "Mwanangu kafanya kweli?" Nikamjibu, "Mama, mimi sikuwepo." Ulimi huu! Niliogopa kufungwa. Taufiki anaujua mkato wangu, na hakunitaja.

Leo nilikuja kurudia uongo ule ule. Nilipopita mahabusu Taufiki akaniita: "Shemeji, umekunywa chai?" Hakuniuliza jingine. Afande, nimeshtuka, na umeniona mwenyewe ninavyolia. Aliyekata ni mimi. Kipande chenye jogoo hiki hapa, nilikifunga kwenye pindo la kanga. Mtoeni Taufiki.

Niliyonayo ndiyo hayo. Nimesomewa, na nakiri ni maneno yangu.

(Saini) Mwanahalima Sudi

Maelezo ya askari mwandishi: Nimesitisha mahojiano saa 4:05 na kumwonya shahidi kuwa sasa atahojiwa kama mtuhumiwa. Kipande cha karatasi chenye jogoo kimepokelewa kama kielelezo. Mlalamikaji, Mwalimu Faraja, amekiona, amelia. Taufiki ameachiwa saa 4:30. Ameambiwa aende nyumbani, amekataa. Amekaa benchi la nje, anamsubiri shemeji yake.

(Saini) Sajini Iddi