Serikali Inasema U Hai, Baba Sidi

Baba Sidi,

Hujambo huko? Sijui kama marehemu huulizwa hivyo, lakini mimi nauliza, maana serikali inasema wewe u mzima na majuzi tu ulikuwa kliniki unatibiwa. Ngoja nikueleze taratibu. Na usinikatize kama ilivyo kawaida yako.

Simu yako sijaizima. Sidi aliitaka, nikamnyima mwanangu mwenyewe, naichaji kila siku. Tulikuzika Kaloleni, tukamaliza matanga, nikarudi Mtongwe, na hata nywele zangu nilizonyolewa kwa msiba hazijaota vizuri, ujumbe ukaingia. Mpendwa mwanachama, umepata huduma, asante kwa kutumia bima yako ya afya. Nikadhani ni ujumbe wa zamani umechelewa njiani. Baadaye ukaja mwingine: umelazwa. Halafu mwingine: umepasuliwa goti. Goti, Baba Sidi! Goti lako lilikuuma lini wewe? Kilichokuua ni kifua.

Na kliniki yenyewe ni ile ile ya Likoni, ya vigae vyeupe, tulipokaa kwenye benchi tangu asubuhi wewe ukikohoa mpaka watu wanasogea. Yule karani wa kucha ndefu alikibandika kidole chako kwenye mashine, mashine ikakataa. Akakipangusa kwa spiriti, ikakataa. Akasema ujipake mafuta urudi kesho. Wewe ukacheka. Ukamwambia, "Dada, vidole hivi vimeliwa na simiti ya Changamwe, mafuta ya kuvirudisha hayajatengenezwa." Hata pumzi huna, maneno unayo! Tukarudi nyumbani, kwa sababu bila kidole hakuna bima, na bila bima hakuna kitanda. Hiyo kesho hukuifikia.

Sasa nieleze wewe. Ulipokuwa hai, kidole chako hakisomeki. Umezikwa, kinasomeka. Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kinaniuma. Labda mashine ilikusoma siku ile ile, mtu akanyamaza. Kila mara yule karani alikuambia, "Rudia tena, baba," nawe ukarudia kama mtoto mtiifu. Alikuwa akikusanya nini kwenye mashine ile? Simwamini yule. Mwenye kliniki simwamini. Hata ndugu yako Kahindi nilimshuku, kwa sababu wakati wa mazishi kitambulisho chako kilikuwa mfukoni mwake. Nilimuuliza uso kwa uso. Alilia, nikaacha. Sikuacha kabisa, lakini nikaacha.

Basi tukasikia kamati ya bunge ya afya inakuja Likoni kusikiliza wananchi kuhusu bima hii mpya. Kahindi akaniambia, "Shemeji, achana nao, hao ni watu wazito." Nikajifunga leso nikaenda. Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka madirishani. Na kitu cha kwanza nilichokiona ni mwenye kliniki anasalimiana na mheshimiwa mmoja, wanacheka na kupigana mabega kama watu waliooleana. Chupa za maji tulizogawiwa zilishushwa kutoka kwenye gari lake. Koo lilinikauka, lakini haki ya Mungu sikuyanywa.

Mwenyekiti wa kamati ni mwanamke wa bara, mwenye miwani na sauti ya upole. Upole wenyewe niliushuku. Zamu yangu ilipofika niliinua simu yako nikasema: mume wangu tumemzika, na bado anatibiwa, nataka kamati iniambie ni nani anayelala kwenye kitanda chake. Waliokuwa madirishani wakaingiza vichwa ndani. Nikajua nimewapata.

Mwenye kliniki akasimama. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema kwa huruma ya kujipaka, "Mheshimiwa, wagonjwa wetu wote huja kwa miguu yao. Wanaume wengine huhama nyumba wasiseme. Huenda mzee yuko Kiembeni kwa mke mdogo." Ukumbi ukaangua kicheko! Watu wa kwetu, Baba Sidi, wengine walikula wali kwenye matanga yako. Mwenyekiti aligonga meza, ila nilimwona anavyouzuia mdomo wake usicheke.

Kisha akaniuliza, "Mama, una cheti cha kifo?"

Sina. Nani huku kwetu anafuata cheti, kama hakuna shamba la kugombania? Tulipata kibali cha chifu, tukapata gari, tukakupeleka kwenu. Ukishamzika mtu wako umemaliza, unabaki na kilio chako. Kumbe hatukumaliza. Mwenyekiti akasema nimpelekee cheti kabla ripoti yao haijaingia bungeni, la sivyo ataandika kwamba lalamiko halina ushahidi. Maana yake utaendelea kulazwa. Utapasuliwa goti la pili, na mke wako ataandikwa mwongo aliyekimbiwa na mumewe.

Mtaani sikupumua. "Mama Sidi, ati mzee yuko Kiembeni?" Wanauliza wakicheka, lakini macho hayacheki. Na shaka huambukiza, mume wangu. Siku moja sokoni Likoni nilimwona mtu kwa nyuma, bega limeinama upande kama lako la kubebea mifuko. Nilimfuata. Nilikufunga kidevu kwa leso yangu mwenyewe, nilikuona ndani ya jeneza, na bado nilimfuata mpaka kwa wauza mchicha. Akageuka, uso si wako. Nikanunua mchicha nisioutaka nikarudi nyumbani nikilia. Kama ungekuwa Kiembeni kweli, ungenitambua siku hiyo!

Sasa hili sijamwambia Sidi. Cheti nilichelewa kukifuata. Alikuwa akinigombeza, "Mama, unangoja nini? Ripoti itaandikwa bila wewe." Nikisingizia miguu, mara mvua, mara chifu hayupo. Ukweli ni kwamba ule ujumbe nilikuwa nimeuzoea. Wizi mtupu, najua, lakini ukiingia nilikuwa nakaa kitandani nausoma: umelazwa. Nakuona umelala kwenye shuka safi, mtu amekuwekea mto, kifua kimetulia. Kile kitanda walichokunyima wakati unakihitaji, nilikuwa nakupa mimi kwa akili yangu. Nikichukua cheti, nitakunyang'anya.

Mwisho niliona haya. Wanakula kwa jina lako, nami nimekaa nafurahia makombo.

Chifu aliniandikia barua bila shida, ila alinitazama sana, na sijui anajuana na nani. Leo asubuhi nimevuka feri kwenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani ni kijana mpole wa kama umri wa Sidi. Akauliza jina lako, nikataja. Akauliza kazi yako, nikasema mpakizi wa simiti. Akauliza mwenyewe yuko wapi, nadhani barua ya chifu alikuwa hajaifungua. Nikasema ametutoka. Akasema, "Yaani amehama?" Nikasema hayupo. Akainua uso, akangoja.

Unajua sijawahi kulisema? Kaloleni nilisema ametutoka. Kanisani nikasema amepumzika. Hata mbele ya kamati nilisema tumemzika, nikalizunguka. Leo nimeshika ukingo wa ile meza nikasema, "Amekufa. Mume wangu amekufa." Nikalisema tena kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Kijana akaandika.

Kesho kamati inarudi Likoni, nampelekea mwenyekiti cheti mkononi mwake, si kwa msaidizi wala kwa mheshimiwa yule wa kucheka. Nimetoa nakala, moja anayo Sidi, nyingine iko mahali sitasema hata kwako. Na nakuahidi, ripoti ile isipolitaja jina lako, nitapanda basi nikawaulize huko huko bungeni, na leso yangu kiunoni.

Kwaheri, baba watoto wangu. Nimekufanya maiti mbele ya serikali, na nimeumia kuliko siku ile ya Kaloleni. Shuka nimezikunja. Lala sasa kwenye udongo wa kwenu, ni wako peke yako.

Mkeo,
Mama Sidi