Usiku wa Shemeji Mkononi Mwangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mke wangu hajanisaidia kwa njia yake. Mimi ni fundi wa kushona magauni, nina presha, na wiki iliyopita daktari alinifunga mkononi mkanda wenye kimashine cha kuning'inia kiunoni, akasema nishinde nacho na nilale nacho ili aone presha inavyopanda na kushuka, nami nikaitikia vizuri tu, kumbe kila baada ya muda kile kitu kinajaa upepo na kunibana, na siku hiyo nilikuwa na gauni la bibi harusi mezani, kikanibana mkasi ukiwa katikati ya kitambaa, nikakata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake, na bibi harusi mwenyewe amesimama pale ananitazama!

Jioni nikamfuata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunakaa naye, anachomelea mageti, na nyumbani tunamwita Jenereta kwa anavyokoroma. Akacheka, akasema, "Lete hapa, shemeji. Mwili wangu na mageti yangu ni chuma kilekile, daktari wako atashangaa." Akalala nacho, asubuhi nikakivaa na kukirudisha, uso mkavu.

Basi daktari katuita mimi na mke wangu, kakunja uso, anasema presha ya usiku haishuki, iko juu kuliko ya mchana, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio usingizini, kisha akamgeukia mke wangu: "Mama, huyu anakoroma sana?" Mke wangu akasema, "Huyu? Huyu analala kimya mpaka namgusa nijue kama yupo. Anayekoroma kwetu ni kaka yangu." Mimi nikatazama dari. Nimeongezewa dawa, nikiinuka kwenye cherehani naona giza, na mke wangu ananiangalia kwa jicho nisilolipenda. Niseme nini nipunguziwe dawa bila yeye kujua?

Fundi Magauni

*

Fundi Magauni, nimecheka mpaka nikajishika mbavu, kisha nikarudia barua yako na kicheko kikaniishia.

Pole kwa kizunguzungu, na pole zaidi kwa bibi harusi. Lakini wewe, mtu wa vipimo! Mteja akikuletea vipimo vya dada yake halafu alalamike gauni linambana, utamwelewa? Mtu akilala, moyo hupunguza mwendo na presha hushuka, kisha hupanda tena kunapokucha. Ndiyo maana daktari hakutosheka na kukupima ukiwa umekaa kitini pake. Alitaka usiku wako, ukampelekea usiku wa mtu mwingine, naye akakupa dawa za mtu mwingine. Ungemwambia tu una kazi ya harusi, akupangie siku nyingine. Daktari hang'ati.

Unauliza mkeo asijue. Baba, mkeo anajua! Anangoja tu kuona utajizungusha mpaka lini.

Leo hii, kabla ya kumeza kidonge kingine, nenda kwa daktari umweleze yote. Usizipunguze dawa wala kuziacha kwa akili yako mwenyewe, umeshaitumia sana wiki hii. Omba upimwe upya, na siku hiyo funika cherehani, ukae na mkanda wako mpaka utakapovuliwa.

Sasa nikugombeze kwa jambo ambalo hukuliuliza. Presha ile ya usiku si yako, sawa. Lakini ni ya mtu. Mashine haikukosea. Chumba cha pili hapo kwenu analala mtu ambaye moyo wake haupumziki hata akifumba macho, na mkoromo mnaoucheka huenda ni pumzi inayomkatika usingizini. Daktari ndiye wa kusema. Kwa hiyo usiende peke yako, mchukue shemeji yako, na akileta habari za chuma, mwite dada yake aje amshike mkono. Mkeo atakusema njia nzima, nawe utanyamaza, maana unastahili.

Jenereta hajui kwamba huenda anaumwa. Daktari hajui kwamba ana mgonjwa wa pili. Wewe peke yako unajua, na barua nzima umeniomba nikufundishe kunyamaza. Mwambie shemeji yako leo, akiwa bado wa kuambiwa.