Panga la Baba Dunguni

Jumanne, jioni

Baba amemkata Zuhura panga! Binti yangu, muuguzi wa kwanza katika ukoo wetu, alimpelekea babu yake uji kwenye dungu la kulindia mpunga. Akainama chini ya dungu kuokota bakuli lililomponyoka. Alikuwa amevaa koti jeusi la mtumba, baba akadhani nguruwe mwitu kaingia mpungani.

Damu ilitapakaa mpungani. Lakini Zuhura, mwanangu mimi, alijifunga mkono kwa kanga yake mwenyewe, hakulia.

"Babu, huoni tangu lini?"

"Tangu masika. Ningesema, mngeninyang'anya dungu, nibaki mzigo mkekani."

Nami nilikuwa nikimwona akipapasa kuta. Nilinyamaza, nilipenda kujisifu kwamba baba yangu bado analinda.

Panga nimelitupa mtoni. Nitakwenda naye dunguni, niwe macho yake. Wadogo zangu wote nitawaambia hivyo wakija Ijumaa.