Nilisema Ukweli Kortini, Sasa Mume Wangu Haniongeleshi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa sababu hapa nyumbani hakukaliki. Mwezi uliopita jirani yetu Kipkurui alimkata mume wangu Kimeli mkono kwa panga wakigombania mpaka wa shamba la chai, mimi nikiona, na kwa hasira nikawaambia polisi alitishia kuniua pia, jambo ambalo hakulisema hata siku moja, basi kortini kiongozi wa mashtaka akaomba anyimwe dhamana asije akadhuru shahidi, na mimi nikajua hakimu atakubali tu. Mshauri, yule hakimu ni mama asiye na haraka! Alisoma ripoti ya afisa wa probesheni aliyemchunguza mshtakiwa, akauliza kama Kipkurui ana makao, kama amewahi kuhepa kesi, kisha akanigeukia: "Mama, alikwambia nini hasa? Nani mwingine alisikia?" Aliuliza kwa upole mpaka uongo ukanishinda. Nikasema, "Mheshimiwa, hakunitisha. Nilikuwa na hasira." Akanionya vikali, akanishukuru kwa kujisahihisha, halafu akamwachilia Kipkurui kwa dhamana, lakini akae kwa dada yake Londiani, asikanyage kwetu, na kila Jumatatu aripoti polisi. Kimeli alisema nimemfungulia adui mlango, na tangu hapo haniongeleshi, na jana Mama Jerusa, mamake Kipkurui, aliniletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kunishukuru. Je, nilikosea? Na hayo maziwa niyanywe?

Fancy, Litein

Fancy dada yangu,

Poleni kwa huo mkono. Lakini sikufichi: kwa polisi ulikosea sana. Mtu angekaa rumande kwa neno ambalo hakulitamka! Kortini ulijikomboa, na hakimu wako nampa heko. Siku hiyo hakuwa anaamua nani alikata nani. Alitaka kujua mshtakiwa atarudi kortini, na wewe utalala salama. Yote mawili ameyashughulikia.

Keti na Kimeli, mtajie masharti moja moja. Mwambie, "Dhamana si msamaha, kesi bado iko." Akinuna, mwache anune, mkono unamuuma.

Kibuyu kirudishe leo, kikiwa kimejaa. Wewe ni shahidi. Watu wataita hongo. Sema kwa heshima, "Mama, siwezi kupokea mpaka kesi iishe." Kipkurui akionekana huko, usigombane naye, ripoti polisi siku hiyo hiyo.

Na ukiitwa kutoa ushahidi, simama useme ulichoona. Ukweli wako umemtoa ndani. Usiuogope hata kama safari hii utamrudisha.