Fito Tatu Mbele ya Gari

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepoteza taa ya kushoto. Leo, saa tisa na dakika arobaini alasiri, kilomita ya 61, tukitoka hospitali. Ilibadilika rangi ikawa zambarau, ikapepesa mara mbili — kwisha. Bi Lempi, jirani ninayempeleka mara tatu kwa wiki, alikuwa kando yangu na soksi anayofuma mapajani. Baada ya saa nne za kusafishwa damu hana nguvu ya kulalamika. Kilomita 31 zilizobaki tumekuja na taa moja, mwendo wa arobaini.

Nilijua itakufa. Balbu za zenoni ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, mwaka 2003! Gari lenyewe nililinunua likiwa limepondwa bodi, nikalinyoosha peke yangu ghalani. Hakuna aliyenishikia hata tochi. Majirani wana magari mapya, balbu ikiungua wanaita kompyuta. Mimi naita bisibisi.

Lakini si taa hii tu. Tangu theluji ya kwanza naona fito tatu tu mbele yangu. Fito zile zenye utepe wa kung'aa, wanazochomeka kandokando ya barabara kila vuli ili wa kusukuma theluji ajue lami inaishia wapi. Mita hamsini kutoka mmoja hadi wa pili. Daftari langu la 2019 linasema: fito tano. Sasa tatu. Mita 150. Na kwa mwendo wa themanini juu ya barafu nahitaji 140 ili nisimame.

Nabaki na mita kumi. Mbele ya kulungu, mita kumi ni nini?

Jumanne, 11 Novemba

Gereji kwa Taisto. Nilitaka balbu za rangi ya 6,000, zile za buluu. Taisto akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mzee Oiva, hizo ni za vijana wa kuzunguka kituo cha mafuta Ijumaa. Chukua 4,300. Nyeupe, ya kizamani kama wewe."

Nikamwambia najua kusoma namba. Elfu sita ni kubwa kuliko elfu nne na mia tatu.

"Sawa, bosi. Utarudi."

Nimezifunga mwenyewe. Waya wa betri nje kwanza, maana zenoni inapowaka inapiga volti zaidi ya elfu ishirini. Glovu za pamba, kidole kisiguse kioo. Zote mbili kwa pamoja — ukibadili moja, gari linakuwa na macho ya rangi mbili.

Jumatano, 12 Novemba

Namba kubwa, upuuzi mkubwa. Buluu juu ya theluji ni sawa na kumwaga maziwa kwenye maziwa. Fito mbili, labda mbili na nusu. Bi Lempi kasema: "Tumeingia ziwani, Oiva? Mbona sioni samaki."

Magari manne yamenipigia fulu, taa kali usoni. Manne, katika kilomita 92!

Alhamisi, 13 Novemba

Nimerudi kwa Taisto. Alikuwa ameshaziweka zile 4,300 juu ya meza. Hilo linauma kuliko maneno.

Jioni nimesugua vioo vya taa. Msasa wa 800, wa 1,500, wa 3,000, halafu dawa ya kung'arisha. Umanjano wote umetoka. Nikawasha ghalani — ukuta umekuwa mweupe, ukingo wa mwanga umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Fito tatu.

Balbu mpya. Vioo vipya, ni kama vipya. Tatu!

Na bado wananipigia fulu. Watano leo. Nikasema lazima taa zimeelekea juu, nawachoma macho. Bi Lempi akavuta uzi. "Labda wanakusalimia."

Jumatatu, 17 Novemba

Kilomita ya 44, saa kumi kasoro robo, giza limeshashika. Bi Lempi akapiga kelele: "Oiva! Simama! Kushoto!" Nikakanyaga breki kabla sijaona kitu. Gari likateleza, likakaa mshazari. Ndipo wakatokea kulungu watatu wa kufugwa, wamesimama katikati ya barabara, wanatutazama kama wenye nyumba. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kuweka pumzi yake kwenye boneti.

Hakuna aliyeguswa. Nilitukana taa, nikamtukana aliyezitengeneza na mama yake.

Nilipotulia nikauliza, "Uliwaonaje?"

"Nilisikia harufu yao."

Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Jumanne, 18 Novemba

Nimelipeleka kituo cha ukaguzi bila kuitwa. Kijana mwenye mashine ya kupimia mwanga akapima kushoto, akapima kulia, akarudia. Mwanga unashuka sentimita moja kwa kila mita, kama sheria inavyotaka. Kifaa cha kusawazisha taa kinafanya kazi, maji ya kusafishia vioo yanaruka.

"Gari la miaka ishirini na mbili! Taa zako ni bora kuliko zangu," kasema. "Shida hasa ni nini?"

Nikamwambia habari ya fito tatu.

Akazima mashine. Kisha akanitazama mimi. Taa hakuzitazama tena.

Mimi macho yangu yana cheti. Nilipimwa Juni, nikasoma ubao mpaka mstari wa mwisho. Juni. Huku kaskazini jua halizami mwezi mzima, chumba cheupe, dirisha wazi.

Juni!

Jumatano, 19 Novemba

Barabara iliyonyooka baada ya daraja. Nimesimamisha gari, taa za kawaida, si fulu. Nikamwambia Bi Lempi: "Hesabu fito."

"Za nini?"

"Hesabu tu."

Akazihesabu kwa ncha ya sindano, kama anavyohesabu vishono. "Saba." Halafu akauliza, "Na wewe?"

"Saba," nikasema.

Akarudi kwenye soksi yake. Ana miaka sabini na sita. Mimi sitini na tatu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimepiga simu kliniki ya macho asubuhi, nikiwa nimeegesha nje ya hospitali. Mama wa kwenye simu akauliza kama naona duara la ukungu kuzunguka taa za watu. Naona. Kama rangi zimechujuka. Zimechujuka. Mtoto wa jicho, kasema, huenda macho yote mawili, wanaondoa kwa dakika ishirini tu. Dakika ishirini! Lini? Mei. Na mpaka hapo nisiendeshe gizani.

Mei hakuna giza.

Njiani kurudi nilishindwa kujizuia. "Umejua habari ya macho yangu tangu lini?"

Akazishusha sindano. "Tangu Septemba. Unakwenda katikati ya barabara, Oiva. Wanakupigia fulu ili urudi upande wako."

"Na hukusema!"

"Huku kwetu mtu anamwambia mwanamume habari za uendeshaji wake?" Ni kweli. Utamsema mkewe, utamsema mbwa wake, lakini si mikono yake kwenye usukani. Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Na nikisema, nani atanileta? Manispaa watanipa chumba mjini. Niliwahi kukiona. Dirisha linatazama ukuta. Kwa hiyo natazama barabara kwa niaba yako, basi."

Soksi ile hajaongeza mstari tangu Septemba. Sikuwahi kuliona hilo pia.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekokotoa kila namna. Zamu ya kuturudisha kabla ya giza, hospitali haina nafasi. Kwa mwendo wa arobaini ni saa mbili na robo kwenda, saa mbili na robo kurudi, na bado naona fito tatu. Teksi ya mjini haiji huku, niliuliza, wakacheka. Nikijitoa, kesho kutwa atafungashiwa mizigo. Nisipojitoa, kuna kilomita ya 44 mara tatu kwa wiki, na siku moja hatasikia harufu.

Tangu juzi hajafungua mlango. Taa ya jikoni kwake inawaka — naona ule ukungu wake mkubwa wa manjano, yeye mwenyewe simwoni. Nimeandika karatasi, nitaisukuma chini ya mlango wake sasa hivi. Nainakili hapa nisije nikasema sikusema:

"Bi Lempi. Kesho saa tatu asubuhi unapanda gari langu au hupandi? Usinijibu habari ya hewa. Usijifiche nyuma ya soksi. Ukisema ndiyo, naendesha. Ukisema hapana, nawapigia manispaa mwenyewe, nawaambia ni macho yangu, si wewe. Ndiyo au hapana, kwa mdomo wako, leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Oiva."