Mtu wa Kumi

Gaithersburg, Maryland,
9 Februari 2025.

Mpendwa dada Bilha,

Kabla sijakujulia hali, nikuambie kwamba nimekuficha jambo tangu siku ile ya mtoni, na sina siku nyingi za kuendelea kulificha. Miguu yako inaendeleaje? Huku baridi ni kali. Moyo wangu umechoka, na daktari haongei tena habari za kupona.

Jerotich, anayenihudumia, amesimama mlangoni. "Mzee, weka kalamu, uji unapoa. Kwani unaandikia serikali?"

Unakumbuka mwanzo wa korona. Hapa watu zaidi ya kumi walikatazwa kukusanyika, na katika sinagogi letu dogo, wanaume Wayahudi wasipofika kumi, sala ya wafiwa haisomwi. Basi tulisali kumi kamili kwenye maegesho ya magari, kila mtu na barakoa yake, juu ya alama yake ya chaki. Mzee Lewin alikuwa amemzika mkewe bila waombolezaji. Kila asubuhi alikuja kumsomea sala hiyo.

Siku moja alifika mtu wa kumi na moja, Reuven. Aliniona nimeshasimama kwenye alama ya kumi, akacheka. "Mwalimu, leo umeniwahi! Kesho nitalala hapahapa." Akarudi kwenye gari lake. Ningeweza kumwita. Nilibaki juu ya alama yangu, Lewin akasoma, nikaitikia amina.

Huku hakuna aliyewahi kuniuliza cheti cha Uyahudi. Nilizijua sala, wakaniamini.

Lewin huja kunitazama kila Jumapili. Amenitafutia kaburi karibu na la mkewe. "Bila wewe tungekuwa tisa," huniambia, amenishika mkono. Nikimwambia kweli, nitamnyang'anya sala zote zile. Nisipomwambia, nitalazwa pale kwa uongo. Kila Jumapili najaribu, nashindwa. Mwambie wewe, Bilha, kabla hawajanizika. Namba yake Jerotich anayo.

Nisalimie Njuguna na Shiku, na watoto wao wote. Mungu akupe nguvu ya miguu na asikuache peke yako.

Siku ile wewe ulikuwa upande wa wanawake. Wale walimu watatu wa dini waliwaita wanaume mmoja mmoja wazame mtoni, wawe Wayahudi. Jina langu liliitwa mara mbili. Nilikuwa nimejificha kwenye matete, naogopa maji. Nywele ulizonipangusa kwa leso yako ukilia kwa furaha, nilizilowesha kwa kopo. Mtoni sikuingia, wala sijazama popote tangu siku hiyo.

Kaka yako akupendaye,
Festus