Kidonge cha Jemadari

Jumatatu, 4 Machi

Jemadari kaanguka tena kwenye ngazi ya uani. Miguu ya nyuma imemkataa — kakaa pale pale, akanitazama utadhani mimi ndiye niliyemsukuma. Mbwa wa miaka kumi na minne, masikio hayasikii, lakini kiburi kipo. Nikambeba. Mgongo wangu! Na majoho thelathini na mawili ya mahafali ya chuo yananingoja, siku ni Jumatatu ijayo, nimeshona tisa tu.

Mdogo wangu alirudi asubuhi mweupe hadi kope. Anaoka mikate usiku kucha, ndiyo maana tunamwita Unga. Kidonge cha viungo cha mbwa, cha asubuhi ni zamu yake, cha jioni ni changu, na kila mtu anatia tiki kwenye karatasi ukutani. Nikamuuliza kama amempa. Akasema amempa, tiki si hiyo hapo? Kweli ipo. Ila Unga hukumbuka chachu, mengine yote husahau. Nikampa mbwa kimoja zaidi, kama kawaida yangu. Bora lawama kuliko fedheha.

Jumatano, 6 Machi

Hajala. Anayumba, anatapika hata maji. Daktari wa mifugo kaja, kampapasa tumbo, kasema mzee amechoka, tusimtese. Sindano moja ya kumlaza moja kwa moja, hatahisi kitu. Atapita Jumamosi saa kumi, tumpe jibu.

Unga anasema tumwache apumzike. Nikamjibu ni rahisi kwake kusema, yeye mchana kutwa kalala. Nilimkosea. Baadaye nilimkuta amelala sakafuni kando ya kikapu cha mbwa, aproni hajavua.

Mama alipougua, Jemadari alilala mlangoni kwake miezi mitano. Leo mimi ndiye wa kusema achomwe sindano? Siwezi. Na kumwona akiteseka pia siwezi.

Alhamisi, 7 Machi

Joho la kumi na saba — mikono yote miwili ya kushoto! Nimefumua. Akili haipo kwenye cherehani.

Ijumaa, 8 Machi

Mfuko wa aproni ya Unga umechanika, akaniachia niushone. Ndani nimekuta pakiti ya vidonge vya Jemadari. Si ya kwenye kopo letu, hii kanunua mwenyewe.

Nikamwamsha. Akasema kila jioni, kabla ya kwenda kazini, humpa mbwa kimoja, maana mimi nikishaketi kwenye cherehani husahau hata chungu jikoni. Ikabidi nami niseme kuhusu kile changu cha ziada cha asubuhi. Pakiti yangu iko kwenye sanduku la nyuzi.

Viwili kwa siku, mbwa kala vinne. Wiki tatu! Hakuna aliyemwamini mwenzake, na wote tunampenda. Nimelia juu ya joho la watu.

Nimempigia daktari. Kaguna, kasema tusimpe kitu tena, kesho anakuja vilevile.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari yupo. Anasema vidonge huenda ndivyo vilivyomuumiza tumbo na kumlegeza. Huenda. Dawa itatoka mwilini, kasema, uzee hautoki. Sindano inaweza kungoja hadi Jumanne, kwa sharti moja: mtu akae naye muda wote, ampe maji kwa kijiko kila saa, na aandike. Mtu mmoja. Wawili ndio tuliomfikisha hapa.

Majoho sita bado, na watu wa chuo wamepiga simu mara mbili. Unga naye kaambiwa akikosa tanuri siku moja tu, kuna watu wanaitaka nafasi yake. Nikasema nitakaa mimi. Unga kasema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Nimekuja jikoni kutafuta kijiko, naandika nimesimama. Nawaona kupitia mlango. Daktari kashika kalamu, anataka jina moja. Unga keshakaa sakafuni, kichwa cha mbwa kiko pajani mwake, ananinyooshea mkono nimpe kijiko.

Bado nimekishika.